Jua mgongoni, maji yanajaa: jinsi ya kuwaona ndege wa matopeni Dar es Salaam

Mtu akishajua kwamba huwa nakwenda pwani na darubini, swali la kwanza ni lile lile: "Heroe wanaonekana wapi hapa Dar?" Anamaanisha wale ndege warefu wa waridi aliowaona kwenye kalenda, wamejaa ziwani mpaka maji hayaonekani. Jibu langu huwavunja moyo wengi. Heroe kwao ni Natron, Manyara na maziwa mengine ya magadi. Pwani huja kama mgeni asiyepiga simu: leo yuko kwenye mashamba ya chumvi, kesho hayupo, na inaweza kupita miezi usisikie habari zake. Ukimfanya yeye ndiye sababu ya safari, utarudi nyumbani umeungua na jua na huna la kusimulia.

Rangi lakini ipo. Tatizo ni kwamba tunaitafuta pasipo. Tumezoea kutazama manyoya, na ndege wengi wa matopeni mgongoni ni kijivu, kahawia, au weupe wa shati lililofuliwa mara nyingi. Rangi wameivaa chini, kwenye miguu na vidole, na mbele kwenye domo. Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mawili makubwa, kuchagua saa na kutazama miguu kabla ya mwili. Mengine yote nitakayosema yanayasaidia hayo mawili.

Hatua ya 1: Yajue maji kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anaamka Jumamosi, anakwenda ufukweni saa mbili asubuhi kwa sababu amesikia ndege huonekana asubuhi, anakuta maji yamejaa mpaka kwenye mikoko na hakuna hata kitwitwi mmoja. Ndege wa matopeni hawafuati saa ya ukutani. Wanafuata bahari. Maji yakipwa wanatawanyika kwenye tope kula, yakijaa wanakwenda kupumzika mahali pakavu. Usiku pia wanakula, kama maji yanaruhusu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana, halafu hupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hapa Dar hufika mita 3 na ushei. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu.

Sasa kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua bila kutazama jedwali. Siku za bamvua, Dar maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza unawaona wakishuka na ndoo zao asubuhi ile ile. Kama nyumbani kuna kalenda ya Kiislamu ukutani, tazama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi. Bamvua iko hapo. Kalenda ikikosekana, tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya bandari ya Dar es Salaam kwenye simu.

Unganisha hilo na jua. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini na kukupiga usoni, na kila ndege aliyesimama mbele yako anageuka kivuli cheusi. Hapo hata heroe mwenyewe ungemwona kama mwavuli uliokunjwa. Mchana jua likishavuka utosi linahamia mgongoni mwako, na ghafla miguu inawaka.

Kwa hiyo saa yangu ni hii: siku ya bamvua, kuanzia saa nane mchana. Jua liko nyuma, maji yanajaa, na tope linalobaki linapungua kila dakika, kwa hiyo ndege waliokuwa wametawanyika mbali wanasogezwa kidogo kidogo kuelekea ulipokaa. Huna haja ya kuwafuata. Nimejaribu saa nyingine zote kwa miaka, na sijapata inayoshinda hiyo.

Maji mafu yana faida moja tu: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo ukiwa na asubuhi peke yake unaweza kwenda kuwatazama wakiwa wamepumzika kwenye mashamba ya chumvi, ambako unaweza kuzunguka ukachagua upande wa jua.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Darubini ya mkononi inatosha. Ukiweza, chukua iliyoandikwa 8x42. Kule Kariakoo utaonyeshwa zile zenye vioo vyekundu vinavyometameta na kuambiwa ndizo za kisasa. Ziache, vioo vile vinairudisha nje rangi nyekundu isifike jichoni, na wewe rangi ndiyo unayoitafuta. Huna darubini? Nenda hivyo hivyo. Ndege wa kwanza nitakaowataja chini wanaonekana kwa macho matupu.

Raba kuukuu zenye kamba, kofia, maji ya kunywa, daftari na penseli (kalamu ya wino ikilowa imekwisha). Ndala usivae. Tope la mikoko hula ndala.

Hatua ya 3: Chagua pwani

Kunduchi ndiyo shule yangu. Kuna ufukwe, kuna mikoko, na nyuma ya mikoko kuna mashamba ya chumvi, yaani vile vibwawa vya mraba ambako maji ya bahari huachwa yakauke. Vibwawa hivyo ni hoteli ya ndege wakati maji yamejaa: maji ya kina kifupi, hakuna mawimbi, na wadudu tele wanaopenda chumvi. Shuka Mtongani kwenye Barabara ya Bagamoyo, chukua bodaboda hadi pwani, mwambie akushushe karibu na mikoko.

Salenda ni kwa asiye na muda. Pale Mto Msimbazi unapoingia baharini kuna mikoko na tope pana, na maji yakipwa unaweza kusimama kandokando ya barabara upande wa Upanga ukatazama ghuba yote, hadi Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika 2022. Yangeyange hapo hawakosekani. Ila tazama tu. Usiingie kwenye tope la Msimbazi hata ukiahidiwa heroe kumi, mto ule unabeba uchafu wa mitaa mingi kabla haujafika baharini. Na simu yako ishike vizuri.

Mbweni, hasa kuelekea mdomo wa Mto Mpiji, ni pazuri na patulivu. Kigamboni nako kuna fukwe ndefu ukishavuka kwa pantoni au kwa daraja. Huko kwote twende kwa tahadhari moja: usielekeze darubini wala kamera kwenye bandari, kambi ya jeshi, au Ikulu. Ukiulizwa, onyesha daftari lako la ndege na ueleze kwa upole.

Hatua ya 4: Piga hodi

Mashamba ya chumvi yana wenyewe. Usipite tu kwenye kingo kana kwamba ni barabara ya mtaa. Kingo zile ni za udongo, zikivunjika mtu anapoteza kazi ya wiki kadhaa. Tafuta mlinzi au wafanyakazi, salimia, eleza. Mara yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nani?"

"Natafuta ndege, mzee."

Akanitazama, akatazama darubini, akanyoosha mkono kuelekea kusini. "Ndege ziko uwanjani Kipawa, mwanangu. Hapa ni chumvi."

Tulipomaliza kucheka akanipeleka mwenyewe mpaka kibwawa cha mwisho, akanionyesha wale "wenye miguu mirefu" na kunieleza wanalala upande gani upepo ukiwa wa kusi. Habari kama hiyo hakuna simu itakayokupa. Tangu siku ile siendi pale mikono mitupu. Sukari kilo moja haijawahi kukataliwa.

Hatua ya 5: Kaa chini, acha maji yafanye kazi

Ukifika, chagua mahali jua likiwa mgongoni, kaa, na ubaki hapo. Binadamu aliyesimama na kusogea ni tishio, aliyekaa anageuka gogo baada ya robo saa. Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo kukutazama, umeshamkaribia kupita kiasi. Rudi hatua tano.

Usitembee kwenda kwenye tope kuwakaribia. Sababu ya kwanza ni wao: kila wakiruka wanapoteza chakula, na wengine wanajiandaa kwa safari ya maelfu ya kilomita. Sababu ya pili ni wewe. Mwaka wangu wa kwanza, pale Mbweni, niliwafuata ndege fulani mpaka mbali, macho kwenye darubini, bila kutazama nyuma. Bamvua haiji kwa mbele tu, inaingia kwanza kwenye mikondo, na mkondo niliouvuka ukiwa kavu ulikuwa umeshajaa nyuma yangu. Nilivuka maji yakiwa kiunoni, darubini nimeibeba kichwani, raba ya kushoto imebaki chini ya tope na ipo mpaka leo. Mama mmoja aliyekuwa akirudi na ndoo ya chaza alisimama ng'ambo akanitazama mpaka nikatoka, kisha akasema, "Kaka, bahari haina rivasi." Ukiona watu wa chaza wanarudi, na wewe rudi.

Hatua ya 6: Anza na miguu

Hapa sasa chukua muda wako. Kila ukipata ndege kwenye darubini, usiulize "ni ndege gani?" Uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: miguu rangi gani, domo lina umbo gani, anakula kwa namna gani. Manyoya yawe ya mwisho. Nitakupa miguu unayoweza kukutana nayo.

*Miguu ya waridi, mirefu kupita kiasi.* Huyu ndiye wa kuanza naye, na kwenye mashamba ya chumvi ndiye mwenyeji. Mwili mweupe, mabawa meusi, domo jembamba lililonyooka kama sindano ya kushonea magunia, na chini yake miguu ya rangi ya jojo ambayo inaonekana kama iliazimwa kwa ndege mkubwa zaidi. Jina lake la kisayansi ni Himantopus himantopus, ukiliandika kwenye simu utapata picha. Nyumbani kwetu anaitwa Miss Kunduchi, kwa sababu ya mwendo: anainua mguu taratibu, anaukunja, anautoa wote nje ya maji, anautanguliza mbele, anaushusha bila kuacha hata duara moja la wimbi. Kile unachodhani ni goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu; goti lenyewe limefichwa juu karibu na manyoya ya tumbo. Akiruka, miguu inabaki nyuma kama utepe. Ukimwona mwenye mgongo wa kahawia na miguu iliyopauka, huyo ni mtoto.

Jambo moja la kuzingatia kwake. Hutaga chini, kwenye kingo na visiwa vidogo vya udongo, kwa kawaida mayai manne yenye madoa ya rangi ya udongo ule ule. Ukisikia wanapiga kelele kali, "kip-kip-kip", na kuzunguka juu ya kichwa chako, uko karibu na kiota. Usianze kukitafuta ili upige picha. Ondoka kwa njia uliyojia. Kuna kunguru juu ya nguzo anakutazama, wale wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890. Mzazi akiruka kukukimbia wewe, kunguru anashuka kwenye mayai. Hahitaji zaidi ya dakika moja.

*Miguu meusi, vidole vya njano.* Ndege mweupe kama karatasi, shingo ya herufi S, miguu meusi tii, halafu chini kabisa vidole kana kwamba amekanyaga unga wa manjano jikoni. Huyu ni yangeyange wa pwani. Vidole utaviona anapokimbia au anaporuka, kwa hiyo subiri. Asichanganywe na yangeyange wa ng'ombe na wa dampo, ambaye ni mfupi, ana domo fupi la njano, na bahari haimhusu sana.

Sasa mbele yake utaona mwingine mwenye umbo lile lile na vidole vile vile vya njano, ila manyoya yake ni ya rangi ya wingu la mvua. Wageni wa mambo haya huandika ndege wawili. Ni mmoja. Yangeyange wa pwani yetu ana sura mbili, mweupe na wa kijivu-kiza, na wanaoana bila tatizo. Hapo ndipo utaona faida ya kuanza na miguu: manyoya yalikuambia wawili, vidole vimekuambia ukweli.

Lakini kuna mtego. Yupo ndugu yao mwingine, mweusi daima, mwenye vidole vya njano pia. Kinachomtofautisha ni ulaji. Huyu mweusi hutembea hatua mbili tatu kwenye maji mafupi, halafu ghafla hufungua mabawa yote mawili na kuyafunga mbele kama mwavuli, kichwa kikiwa ndani. Anasimama hivyo kwa muda mfupi, samaki wadogo wanakimbilia kivulini, anachukua chake, mwavuli unakunjwa. Hatua mbili, mwavuli tena. Niliwahi kumtazama mmoja Kunduchi akifanya hivyo mara kumi na saba mfululizo bila kupata kitu, na ya kumi na nane akatoka na kidagaa kisichofika urefu wa kucha. Yangeyange wa pwani hafanyi mwavuli kamili. Yeye hukimbia, hugeuka, na hutikisa mguu mmoja kwenye tope kuwatisha samaki watoke.

*Miguu mifupi ya chungwa.* Mnene kidogo, mfupi, yuko kwenye mawe na mistari ya mwani uliotupwa na maji. Anasukuma mwani kwa domo, anapindua mawe madogo, anakula kilichojificha chini. Arenaria interpres, mpindua-mawe. Anazaliwa huko kaskazini kabisa karibu na ncha ya dunia, na hapa hana habari na watu hata kidogo. Mwenye miguu ya njano inayokaribia chungwa na domo jembamba lililopinda kwenda juu ni mwingine, Xenus cinereus, ambaye hukimbia matopeni kama mtu aliyeona mwendokasi inafunga milango.

*Miguu ya waridi iliyokolea, ndege mkubwa.* Ukiona uso mwekundu usio na manyoya, domo refu la njano lililopinda kidogo nchani, huyo ni korongo domo-njano, na kwa kweli huyu ndiye wa kumfariji aliyemkosa heroe. Wakati wa kuzaa manyoya yake meupe hupata wekundu hafifu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na kanga nyekundu. Mtazame anavyovua. Anaingiza domo likiwa wazi ndani ya maji ya tope ambayo hayaonyeshi kitu, anakoroga chini kwa mguu mmoja, na anasubiri. Haoni samaki na wala hamtafuti kwa macho. Samaki akigusa domo, domo linafunga, na linafunga upesi kuliko jicho lako linavyoweza kufuata. Tahadhari kwa wanaofuata mbinu yangu ya miguu: korongo wana tabia ya kujinyea miguuni ili kupoza mwili wakati wa joto, kwa hiyo miguu iliyopaswa kuwa ya waridi inaweza kuonekana imepakwa chokaa. Ikiwa hivyo, tazama uso na domo.

*Miguu ya kijivu chenye ubuluu.* Na huyu hana rangi nyingine. Mweupe, mgongo na sehemu ya mabawa meusi, domo nene jeusi kama kisu cha kufungulia chaza. Dromas ardeola, mla kaa. Nimemweka kwenye mwongozo wa rangi kinyume cha kanuni zangu mwenyewe kwa sababu watu hupanda ndege (zile za Kipawa) kutoka mbali kuja kumwona, na sisi tunampita tukienda kununua samaki. Hutaga kwenye fukwe na visiwa vya kaskazini mwa Bahari ya Hindi, kuanzia pande za Somalia na Bahari ya Shamu hadi Ghuba ya Uajemi, na hutaga ndani ya shimo analochimba mwenyewe mchangani. Katika jamii yake yote ya ndege wa matopeni ni yeye peke yake anayefanya hivyo. Yai moja, jeupe. Kisha huja huku kwetu na mtoto wake. Mtoto akiwa na ukubwa sawa na mzazi, mabawa yamemfikisha Dar es Salaam, bado anamfuata mama matopeni akilia alishwe kaa. Wazazi wenye vijana waliomaliza chuo wataelewa.

Wenye miguu ya kijivu na domo refu lililopinda kwenda chini ni sululu. Wapo wengi, ni wakubwa, na mluzi wao wa haraka wenye sauti saba hivi ndio utakaousikia kabla hujaona ndege yeyote. Rangi hakuna. Tuendelee.

Hatua ya 7: Rudi mwishoni mwa Machi

Wageni kutoka kaskazini huanza kufika Agosti na Septemba, na huondoka kwenye Aprili. Wengi watakuambia msimu mzuri ni Januari au Februari kwa sababu ndege ni wengi na mvua ni chache. Mimi ningekuambia uvumilie mvua za kwanza za masika. Kwenye wiki za mwisho kabla ya kuondoka wanabadilisha manyoya, na hapo kanuni yangu ya miguu inavunjika kwa uzuri. Yule kitwitwi mwenye domo lililopinda kidogo chini, Calidris ferruginea, ambaye miezi yote alikuwa kijivu cha kuchosha, anaanza kupata madoa mekundu kifuani, kama mtu anayempaka kwa brashi kidogo kidogo. Ukienda bamvua ya mwisho wa Machi unaona mabaka. Ukienda ile ya katikati ya Aprili, wale ambao hawajaondoka ni wekundu wa tofali la kuchoma kuanzia usoni hadi tumboni. Nguo hiyo ni ya harusi, na harusi iko Siberia. Sisi tunaona mavazi yakijaribiwa tu.

Mpindua-mawe naye anageuka: mgongo wa rangi ya kutu, uso wa mistari myeusi na myeupe. Mvua ikikatika saa tisa mchana, jua likitoka nyuma yako na tope likiwa bado limelowa, kaa hapo hapo hata kama nguo zimelowa.

Baada ya hapo, wakati wa kusi, pwani inakuwa kimya lakini haiwi tupu. Ndege wadogo ambao hawajafikisha umri wa kuzaa wengi hawasafiri. Wanabaki hapa mwaka mzima. Na Miss Kunduchi haendi popote.

Hatua ya 8: Andika, na upige picha kwa busara

Andika ukiwa pale pale: tarehe, saa, maji yanajaa au yanapwa, miguu rangi gani, wangapi. Usiandike "ndege wengi". Hesabu kumi, uone kumi zinachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa kumi kumi. Kila Januari nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa wakati mmoja, na kazi hiyo hutegemea watu waliozoea kuhesabu hivyo. Programu ya eBird kwenye simu inakubali orodha kutoka kwa mtu yeyote, na orodha ya Kunduchi siku ya bamvua ina thamani hata kama ina ndege wanne.

Kwa picha, simu ya kawaida inafaa ukiiegesha nyuma ya kioo kimoja cha darubini. Shika darubini juu ya goti, sogeza simu taratibu mpaka duara jeusi lipotee. Picha kumi za kwanza zitakuwa za kidole chako. Piga miguu, hata kama kichwa kimekatika; ukifika nyumbani, miguu ndiyo itakayokusaidia kumjua.

Usinunue wala usikubali kushikiwa ndege kwa ajili ya picha. Vijana wanaweza kujitolea kukukamatia. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kisheria, na ndege aliyewahi kufungwa kamba mguuni mara nyingi haponi vizuri hata akiachiwa.

Na kama heroe akija?

Inatokea. Siku moja utainua darubini kuelekea kibwawa cha mwisho, na pale ulipozoea kumwona Miss Kunduchi atakuwepo mtu mwingine, mrefu mara mbili na zaidi, kichwa kimepinduliwa chini juu ndani ya maji. Usikimbie. Kaa. Tazama domo kwanza, maana heroe wako wawili. Mwenye domo la waridi lenye ncha nyeusi, mwili mweupe kuliko ulivyotarajia, ni yule mkubwa, anayekula vijidudu vya majini na anayezoea maji ya bahari zaidi. Mwenye domo jekundu-kiza, karibu jeusi, mfupi na mwenye waridi iliyokolea, ni yule mdogo wa Natron, ambako sehemu kubwa kabisa ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa. Waridi yake inatoka kwenye chakula, bakteria wa kijani-buluu wa maziwa ya magadi, kwa hiyo akikaa mbali na chakula hicho kwa muda, manyoya mapya huota yakiwa yamefifia.

Kisha shusha darubini utazame miguu. Yote ya waridi. Andika saa, andika hali ya maji, halafu nenda ukamwite mzee wa chumvi naye aje aone.